Majani ya Njia mu Telefone

Minye nilisoma kalasi mbili tu, lakini kuko kintu mu telefone ya bamama ya mutaa yetu ya Panda chenye kilitoka mu kichwa yangu. Mujukulu yangu, mwenye ananiita Kambo, hawezi kukatala.

Ni yeye, binti ya mutoto yangu ya kwanza, njo alitengeneza programu ya kuonyesha saa yenye courant, umeme yenye inakatika-katika, itarudia ku kila avenue. Ilikuwa haiyaisha. Aliipatia bamama ya korali yetu ya kanisa bamusaidie kutafuta makosa. Ku mulango ya programu aliandika Kifaransa murefu: ni ya kujaribu, inaweza kukosea. Chini, OK. Bamama balifinya OK kama vile banafukuza nzi ku mukate.

Ikafika komunyo ya kwanza ya mutoto ya jirani yangu. Telefone ikasema courant saa ine asubui. Jirani akatuma makala yake yote ya kupikia kwa dada yake: leo moshi haitachafua robe nyeupe! Saa sita, courant hakuna, bageni banatoka misa, kuku ingali mubichi mu sufuria. Akaingia kwetu na telefone juu.

"Mama, mujukulu yako ametupikia bongo, uongo mutupu!"

"Niliandika kama inaweza kukosea," mujukulu akajibu.

"Uliandikia nani? Bwana yangu anajua Kifaransa, na ni yeye alifinya OK wa kwanza! Kesho bamama bote tunaitosha mu telefone."

Mujukulu akashika telefone yake, machozi karibu. "Hata minye naifuta, Kambo. Kazi ya miezi yote, basi."

"Futa kwanza makamasi," nikamwambia. "Leta mbabula zangu mbili za makala, tupikie jirani kuku."

Tukiwa tunapepea makala chini ya kuku ya watu, nikamuuliza: "Lori ikikufa ku njia ya Kapolowe, shofere anaandika barua?"

"Hapana, Kambo. Anakata matawi, anatandika mu njia."

"Ku mulango ya muji?"

"Hapana. Mbele kidogo ya lori."

"Na weye ukiona majani, unauliza ni Kifaransa?"

Akacheka mupaka majivu ikamuingia mu macho.

Alitosha ile barua ya Kifaransa. Pembeni ya kila saa yenye hana hakika nayo, akaweka tawi ya majani mabichi. Ukiigusa, inasema Kiswahili yetu: "Hapa naweza kukosea. Washa makala."

Juma ya pili jirani akarudia. "Mama, kati ya masaa kumi, munane iko na matawi! Hii si telefone, ni pori!"

"Ilikosea tena?"

"Ilikosea. Lakini maharagi yangu imeiva."

Hakuna mama alitosha programu. Banamwambia mujukulu fasi yenye ilikosea, yeye anatengeneza, matawi inapunguka. Jana avenue yetu ilibakia na tawi moja, mujukulu akataka kuiondosha mbio mbio, angali hana hakika.

"Acha," nikamwambia. "Lori ingali pale."