Jiko Lisilo na Mlinzi

Siku ya mashindano, manahodha wa Friesland, nchi ya mifereji, walioishi ndani ya mashua zao za mizigo, walishusha nyumba zao ufukoni. Majiko ya chuma, magodoro, makabati ya vyombo, hata susu za watoto, vyote vilipangwa nyasini kando ya ziwa ili mashua ziwe nyepesi. Wake zao wakaketi palepale, kila mmoja kando ya jiko lake, wakilinda mali na kutazama matanga yakienda.

Wytske alikuwa ameketi hivyo kila kiangazi tangu aolewe. Mwaka ule hakuketi.

"Hylke, leo nakwenda nawe."

Mumewe alicheka huku akikaza kamba. "Jiko nimelitoa, nawe unataka kupanda badala yake? Si mzigo uleule!"

"Jiko halijui kina cha maji, bwana wee."

"Na watu watasemaje?"

"Upepo ukifa, nani huvaa mkanda kifuani akaikokota mashua hii kandokando ya mfereji, imejaa viazi? Hapo hao watu huniona, na hawasemi kitu. Leo tanga limejaa, ndiyo nikalinde sufuria?"

Ealse, mdogo wake Hylke, aliyeshika tanga la mbele, aliangua kicheko. "Kaka, umebanwa. Mpishe shemeji."

Akampisha, ila usukani akaushika mwenyewe.

Walianza vibaya. Kufikia boya la pili mashua tano zilikuwa mbele yao, na iliyo karibu ilikuwa ya Gosse, mwenye domo kuliko wote. "Hylke!" alipaza sauti. "Mmesahau kushusha kabati moja!"

Wytske alikuwa akitazama upande wa matete, ambao wote waliukwepa kwa kuogopa tope. Huko upepo ulikuwa unachezea maji. Tope lile alilijua kwa mikono yake: alikuwa amelichoma kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, miaka na miaka, akajua linapoanzia na mkondo mwembamba unapopenya.

"Nipe," alisema.

Hylke alimtazama. Wakikwama mbele ya macho yale yote, aibu ingewatangulia katika kila bandari. Kisha akauachia usukani, akaenda kushika kamba ya ule ubao mpana wa ubavuni unaozama majini.

"Inua! Tena kidogo... Acha hapo!"

Matete yakaparuza mbao. Mashua ikagusa tope, ikatetemeka kama ng'ombe anayefukuza nzi, ikapita. Walipochomoza upande wa pili, Gosse alikuwa nyuma yao, na wengine wawili pamoja naye.

Walimaliza wa tatu. Tuzo yao ilikuwa soseji ndefu, na Hylke akamvisha mkewe kifuani, palepale panapokaa mkanda wa kukokotea. Ufuko mzima ukacheka, na Wytske akacheka kuliko wote, kidevu juu.

"Mlishusha nini zaidi?" Gosse aliuliza.

"Kiburi changu," Hylke alisema. "Kilikuwa kizito kuliko jiko."

Kiangazi kilichofuata, nyasini palikuwa na majiko mawili yasiyo na mlinzi: la Wytske, na la mke wa Gosse.