Mchwa wa Kabati la Karani

Muhangi alikuwa tarishi wa ofisi moja pale Kayanga, mwaka wa hamsini na tatu, na macho yake hayakuwa na likizo. Mchana maduka yakifungwa, mji mzima ukilalia shibe ya ndizi, yeye aliketi barazani akitazama. Alijua mbayuwayu yupi kajenga chini ya bati, na upande gani wa mfereji majani huota kwanza mvua ikinyesha. Mtu aliyekulia nyuma ya ng'ombe kule Bweranyange hafundishwi kutazama.

Karani, Rweyemamu, mtu wa Bukoba mwenye suti moja na dharau za suti kumi, alimchukia kwa sababu moja tu: Muhangi hakumwamkia shikamoo. Angemwamkiaje? Kijana yule alikuwa rika la mwanawe wa pili. Basi kila asubuhi mmoja alinyamaza, mwingine akavimba.

Muhangi angekwisha kuacha kazi, ila alikuwa na jambo. Kisima cha kunyweshea ng'ombe alichochimba baba yake na wenzake, jirani yao Kakuru alikuwa amekizungushia miiba na kukiita chake. Barua ya mashtaka iliandikwa. Muhangi akabandika dole gumba, na mzee Rwezaura, mtu pekee aliyebaki hai kati ya waliokichimba, naye akabandika lake kama shahidi. Mwezi uliofuata mzee akafariki. Barua alikabidhiwa Rweyemamu aipeleke kwa wakubwa Bukoba, na kila alipoulizwa alijibu kwamba ilikwenda, watu wasubiri.

Siku moja ya masika Muhangi aliona ukanda mwembamba wa udongo mbichi ukipanda mguu wa kabati la karani. Mchwa. Akaingia kumwambia. Alipotaja kabati tu, Rweyemamu akamkatiza mbele ya watu waliojaa ofisini, akasema tarishi kaajiriwa kutazama mlango, si kuchungulia makabati ya watu waliosoma. Watu wakacheka.

Haya, alisema Muhangi moyoni, mwenye macho kaambiwa afumbe.

Konzi moja ya majivu ya samadi ingetosha kuwazuia wale mchwa. Kwao hata mtoto anajua hilo. Hakuileta. Kila mchana alisogeza kigoda chake mahali pazuri pa kuona, akatazama ukanda ukinenepa, ukifika droo ya chini, kisha ya pili. Alifurahi, tusifichane. Alifurahi kuliko siku aliyooa.

Siku ya kumi na moja karani alivuta droo ya chini, ikamtoka mkononi vipande vipande. Akapiga magoti, akaanza kukung'uta karatasi zilizobaki, na Muhangi akasogea ashibishe macho. Katikati ya udongo akaliona dole gumba lake, la wino wa bluu. Pale palipokuwa na la mzee Rwezaura palikuwa na tundu.

"Uliniambia ilikwenda Bukoba," alisema.

Rweyemamu akasimama, akajipangusa magoti taratibu.

"Ingekwenda. Nilikuwa nangoja uniamkie kwanza."

Muhangi alitaka kumkaba koo, mikono ikamkatalia. Siku kumi na moja alikuwa ameketi pale, amejaa furaha, akiwatazama mchwa wakimlia baba yake kisima.