Sukari ya Saa Nne

Kwa miaka thelathini na mmoja nilipikia wavulana wa shule ya bweni, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kunywa chai ikiwa moto. Chai ya mpishi ni ile inayobaki. Unapakua ya wanafunzi, unapeleka ya walimu, unasugua masufuria, na ukikumbuka kikombe chako, maziwa yameshafanya ngozi juu. Kwa hiyo nilipostaafu, raha ya kwanza niliyojipa ilikuwa kuketi kibarazani saa nne asubuhi, ukuta ukiwa umeshika joto la jua mgongoni mwangu, na kunywa chai inayounguza ulimi.

Nyumba yetu iko mbele ya Kitengela, ukiacha lami ya kwenda Kajiado na kutembea kama nusu saa kuingia ndani. Kiwanja tulikinunua zamani, wakati wenzangu jikoni walicheka kwamba ninanunua mawe na upepo. Mke wangu ndiye aliyeng'ang'ania. Alisema hataki kuzeeka akisikia kikohozi cha jirani kupitia ukutani. Basi tukajenga vyumba vitatu, tukaweka tangi la maji ya mvua, tukapanda sukuma wiki kwenye magunia kwa sababu ule udongo mweusi, ukikauka, unapasuka nyufa za kumeza mguu.

Tuliishi hapo pamoja miezi saba. Halafu binti yetu aliye majuu, ng'ambo, akajifungua, na mke wangu akaenda kumsaidia kulea. Alisema miezi sita. Miezi hiyo ilipotimia, mtoto akaugua kifua. Baada ya hapo binti akapata kazi ya zamu, na mtoto hakuwa na wa kumshika. Sasa tuko katika mwaka wa tatu. Hatukugombana, na hakuna wa kulaumiwa. Hunipigia simu kila Jumapili nikitoka kanisani, nauona uso wake kwenye kioo cha simu, na nyuma yake mtoto anaita kitu kwa Kiingereza. Huniuliza nimekula nini. Mimi humdanganya kidogo.

Ukweli ni kwamba sikujua kumpikia mtu mmoja. Mkono wangu ulizoea magunia. Nilikuwa nikitia mahindi na maharagwe sufuriani nikidhani ni kidogo, kisha nakula githeri ile ile tangu Jumatatu hadi Ijumaa, nikiipasha na kuipasha hadi maharagwe yanakuwa uji. Siku nyingine nilisimama mlangoni na mwiko mkononi, nikitazama punda milia waliosogea hadi karibu na ua, na nikagundua kwamba tangu asubuhi ya jana sijasikia sauti yangu mwenyewe.

Jirani yangu alikuja kwa sababu ya mbuzi. Walikuwa wamepenya ua na kula sukuma wiki yote ya upande mmoja, nami nilikuwa bado nawapigia kelele alipotokea mzee mrefu wa Kimaasai, shuka begani, koti la suti juu yake, na miguuni viatu vya matairi.

"Sopa," alisema.

"Epa." Jibu hilo la salamu yao nilikuwa nimeshajifunza.

"Hizi mbuzi ni zangu. Nimekuja kuomba msamaha."

Nilimwambia sukuma itaota tena, karibu chai. Aliketi kwenye kiti cha mke wangu, cha plastiki, akavuta kopo la sukari karibu naye na kutia vijiko vinne vilivyojaa. Alikoroga polepole, akaonja, akafumba macho.

"Wewe ulikuwa unafanya kazi gani?" aliuliza.

"Nilikuwa shule," nilisema. "Shule ya bweni, huko Central."

"Aah. Mwalimu."

Ningeweza kumsahihisha hapo hapo. Lakini kuna jinsi alivyolitamka neno hilo, akinyoosha mgongo kidogo kama mtu aliyegundua ameketi na mgeni wa heshima. Nilinyamaza. Kufikia mwisho wa mwezi njia nzima ilikuwa ikiniita mwalimu: wachunga mbuzi, wenye pikipiki, hata mama wa duka. Mtu aliyepika maharagwe miaka thelathini akawa mwalimu kwa kukaa kimya tu.

Kesho yake mzee alirudi na karatasi. Ilikuwa barua ya chifu kuhusu mkutano wa chanjo ya mifugo. Alisema macho yake yamechoka, na kwamba heri asomewe na mtu wa shule. Nilimsomea, akanywa chai yake ya vijiko vinne, akaenda. Siku ya tatu ilikuwa ripoti ya shule ya mjukuu. Kisha notisi ya stima. Kisha kipande cha gazeti kilichofungia nyama, ambacho sikuona umuhimu wake, lakini nilikisoma mpaka pale kilipochanika.

Hivyo ndivyo saa nne yangu ilivyopata mtu. Kuanzia saa tatu na nusu nilikuwa nikichungulia njia. Nilijifunza kupima maziwa ya watu wawili, nikaanza kupika mandazi manne badala ya ishirini. Hatukuwa na mazungumzo makubwa. Alilalamikia goti lake. Alinieleza ng'ombe wake mmoja mmoja, kwa rangi na kwa tabia, na aliniuliza mara nyingi kwa nini mtu mzima kama mimi afuge kuku. Mimi nilimweleza kuhusu mke wangu.

"Anarudi lini?" alikuwa akiuliza.

"Karibu tu."

"Mwambie hiki kiti kinavunjika. Akikawia atakuta nimekimaliza."

Mara nyingine tulikaa nusu saa bila neno, upepo ukigonga mabati, na kila mmoja akitazama upande wake. Kimya cha watu wawili ni tofauti kabisa na kimya cha mtu mmoja. Nilikuwa sijui hivyo hadi wakati huo.

Siku moja alileta karatasi ya kliniki. Ilikuwa na mwandiko wa daktari, ule wa kukimbia, na tarakimu nyingi. Juu kabisa kulikuwa na herufi mbili kubwa, D na M, zimepigiwa mstari mara mbili. Mimi niliishia darasa la saba. Kiingereza changu ni cha kusoma orodha ya vyakula na matangazo ya ubaoni. Niliigeuza ile karatasi, nikavaa miwani, nikaivua. Alikuwa akinitazama kwa makini, kijiko mkononi.

"Wanasemaje, mwalimu?"

Ningeweza kusema sijui. Badala yake nilisema, "Wanasema upunguze kutembea kwa jua. Unywe maji mengi. Na urudi tarehe kumi na nne."

Tarehe niliiona, hiyo ilikuwa kweli.

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

"Basi ni sawa," alisema, na akatia kijiko cha nne.

Mvua ya masika ilipoanza, njia iligeuka gundi. Kila hatua unabeba kilo ya udongo kwenye buti. Mzee hakuja Ijumaa wala Jumamosi, nikasema ni matope. Jumapili sikumtazamia. Jumatatu nilichemsha chai ya watu wawili, nikanywa yangu, na yake nikaimwagia magunia ya sukuma. Jumanne mtu wa pikipiki alisimama langoni, akavua helmeti yake kabla ya kusema chochote.

"Mwalimu, kwani hujasikia? Mzee alituacha Ijumaa. Alianguka akifungua ng'ombe."

Siku nne. Boma lake naliona kutoka dirisha la jikoni. Nilikuwa nimeona magari yakiingia na nikadhani ni wageni wa kanisa.

Siku ya mazishi nilivaa suti yangu na kufika mapema, kabla ya umande kukauka. Walikuwa wanafunga hema. Vijana walinipeleka kwenye kiti cha mbele, karibu na wazee na mchungaji. Nilikaa. Lakini nyuma ya nyumba, mahali pa kupikia, niliona moshi ukipanda mweusi na mzito, na mpishi yeyote anajua moshi wa namna ile ni kuni mbichi chini ya sufuria iliyojaa kupita kiasi. Nilijaribu kusikiliza kwaya ikifanya mazoezi. Halafu harufu ya mchele ulioshika chini ikanifikia.

Niliinuka, nikaenda kule nyuma. Akina mama watatu na vijana wawili walikuwa wamezunguka masufuria makubwa, macho mekundu, wakibishana.

"Mwalimu, rudi ukae," mmoja wa mama aliniambia kwa heshima. "Hapa kuna moshi, utachafua suti."

"Toeni kuni zote za katikati," nilisema. "Acheni makaa tu. Huo mchele usikorogwe. Hamisheni wa juu kwenye sufuria ile nyingine, wa chini uacheni hapo hapo."

Walinitazama. Nilivua koti, nikalitundika kwenye mti wa miiba.

"Mimi si mwalimu," nikasema. "Sijawahi kufundisha hata siku moja. Mimi ni mpishi."

Mama yule alinipa leso nijifunge kiunoni, tukaanza kazi. Niliokoa mchele. Niliipika nyama ya ng'ombe wawili, nikaonyesha jinsi ya kukata kabichi nyembamba ili ishibishe watu wengi, nikapanga nani apakue nini na nani asimame mwisho wa foleni. Ibada ilikuwa ikiendelea upande wa pili wa nyumba. Niliwasikia wakimsifu mzee kwa kipaza sauti, lakini kwa Kimaasai, na sikuelewa. Alipoteremshwa kaburini nilikuwa nimeshika mwiko kwa mikono miwili. Nililia pale, na kwa sababu ya moshi hakuna aliyeuliza.

Watu wote walikula. Hakuna aliyerudi na sahani tupu. Jioni ilipokaribia, na magari yakianza kuondoka, nilikuwa nimeinama nikisugua sufuria iliyoungua, na mjane wa mzee akaja. Alikuwa mama mnene, mpole, ambaye kabla ya siku hiyo tulikuwa tumesalimiana kwa mbali tu. Aliketi juu ya jiwe.

"Kumbe wewe ni mpishi."

"Ndiyo, mama. Nisamehe. Nilimwacha mzee aamini nilikuwa mwalimu."

Alitikisa kichwa, kama jambo lenyewe ni dogo. Kisha akasema, "Na sukari je? Ni wewe ulikuwa unampatia?"

Sikuelewa kwanza.

"Mzee alikuwa na ugonjwa wa sukari," alisema. "Miaka minne. Hapa nyumbani tulificha sukari yote. Kila asubuhi anachukua karatasi, anasema anaenda kwa mwalimu kusomewa."

Niliacha kusugua. Nilimwambia kuhusu karatasi ya kliniki, zile herufi mbili ambazo kumbe ni jina la ugonjwa huo, na uongo wangu wa jua na maji mengi. Nilimwambia yote, bila kujitetea, kwa sababu ilikuwa lazima mtu fulani aambiwe.

Akacheka. Alikuwa amefiwa, macho yamevimba, na akacheka mpaka akashika kifua.

"Hiyo alituambia! Alirudi hapa akasema, 'Mwalimu wangu amesema shida ni jua.'" Alijifuta macho. "Mzee alikuwa anajua kusoma. Alikuwa karani wa serikali, mambo ya mifugo, kabla miguu haijachoka. Hata hiyo Biblia ya jioni ni yeye alikuwa anatusomea."

"Kwa hivyo alijua karatasi inasema nini."

"Alijua kabla ya kukuletea."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, suti ikinuka moshi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilipima jambo hili kama mtu anayepima chumvi gizani. Kama ningesoma vizuri, ningemnyima sukari, na labda angeishi zaidi. Au labda asingekuja tena. Sijui kama alikuja kwa ajili yangu au kwa ajili ya lile kopo. Kuna siku najiambia ni mimi, kwa sababu mtu hahitaji kukaa saa nzima ili amalize vijiko vinne. Kuna siku siamini.

Jumapili iliyofuata nilimweleza mke wangu.

"Mbona hukuniambia una rafiki?" aliuliza.

Nadhani niliogopa kwamba akijua nina mtu wa kunywa naye chai, hataona haraka ya kurudi. Lakini hilo sikulisema. Akanijulisha kwamba binti yetu ana mimba ya pili. Nilisema Mungu ashukuriwe, na nilimaanisha.

Siku hizi sina jina la mwalimu tena. Nikipita naitwa mpishi, na kanisa limenialika kupika mara mbili, harusi moja na harambee moja. Nafurahia kazi hiyo. Mikono inakumbuka yenyewe, watu wananizunguka, wananiuliza kama imeiva. Halafu hema linafunguliwa, viti vinapakiwa kwenye lori, na kila mtu anarudi kwake.

Mjane wa mzee ndiye anayepitisha mbuzi mbele ya kwangu sasa. Haingii. Mwanamke mjane hawezi kuketi kibarazani kwa mwanamume anayekaa peke yake, sote tunajua, kwa hiyo tunasalimiana juu ya ua, yeye na fimbo yake, mimi na ndoo yangu. Ninamuuliza kuhusu mbuzi. Ananiuliza kuhusu kuku, ananiambia mvua iko upande wa Isinya, haijavuka.

Juzi aliuliza mama watoto anarudi lini.

"Aprili," nilisema.

"Aprili si mbali," alisema, akawapigia mbuzi mluzi, wakaenda. Hakuuliza ni Aprili ya mwaka gani. Nilisimama pale mpaka vumbi lao likatulia, kisha nikaingia ndani kuwapa kuku maji.