Cherehani Inasemaje?

Mume wangu anatengeneza cherehani. Mjini kote wanamwita Fundi Sikio, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Zamani ukimletea cherehani mbovu hakuigusa kwanza. Alikwambia uikanyage, kisha akainama, akasogeza sikio la kushoto karibu na gurudumu na kufumba macho. Ole wako uanze kueleza. "Nyamaza kidogo, mama, siongei na wewe," atakwambia. "Naongea na mgonjwa." Akimaliza kusikiliza alikutajia kilichoharibika kabla hajashika bisibisi. Nimekaa naye duka moja miaka ishirini na sita na nimemwona akikosea mara mbili, na moja kati ya hizo alikuwa na homa.

Duka letu ni chumba kimoja kilichogawanywa na kabati la vioo. Upande wake kuna meza ya chuma, kopo la mafuta, na cherehani zinazosubiri zamu, kila moja imefungwa kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Upande wangu kuna vifungo, zipu, nyuzi na mdomo. Nasema mdomo kwa sababu mimi ni mtu wa kuongea, sijifichi. Nilikuwa naongea naye juu ya lile kabati tangu tunafungua mpaka tunafunga, nani kaolewa, nani kaachwa, nani kanenepa, naye anaitikia "mh" huku mkono uko ndani ya cherehani. Hizo "mh" zake zilikuwa na maana zaidi ya kumi, na zote nilizijua.

Kisha zikaanza kwenda kombo. Nikimwambia dada yangu anaumwa, ananijibu "vizuri sana". Nikimuuliza tule nini, anasema "kesho". Nilidhani amenichoka. Nikampa kisogo siku nzima, nikapika kwa kubamiza masufuria, na hata huko kubamiza hakukumshtua, jambo ambalo lingenifumbua macho kama ningekuwa na akili. Yeye naye alidhani namnung'unikia makusudi. "Siku hizi unaongea kama umejaza pamba mdomoni," aliniambia. Tuligombana mwaka mzima juu ya pamba hiyo, kumbe pamba ilikuwa masikioni mwake. Bado inaniuma. Mwaka wa mwisho wa mume wangu kunisikia niliumaliza kwa kununa.

Aliyetufungua macho ni mshonaji wa sare za shule, mteja wetu wa siku nyingi. Alirudisha cherehani moja mara tatu.

"Fundi, bado inalia."

"Hailii."

"Inalia, shemeji! Hebu sikiliza mwenyewe."

Akainama, akafumba macho. Mshonaji akakanyaga. Ile cherehani ilipiga kelele mpaka vifungo vyangu vikacheza kwenye makopo, na mume wangu anatabasamu. "Mbona imetulia," akasema, "kama maji mtungini." Mshonaji aliniangalia, nami nikamwangalia. Kisha akabeba cherehani yake akaondoka bila kuaga, na kabla ya wiki kwisha washonaji wote walikuwa wanasema Fundi Sikio siku hizi anabahatisha.

Daktari wa masikio alimwandikia kwenye karatasi ili asome mwenyewe: mishipa ya ndani ya sikio inakufa, kifaa cha kusikia kitasaidia kwa muda, na muda wenyewe ni miezi. Aliikunja karatasi akaitia mfukoni. Siku ya nne nikamkuta anazifuta bisibisi zake moja moja na kuzifunga kwenye kitambaa.

"Nauza," akasema. "Fundi asiyesikia ni mtu aliyeshika bisibisi tu."

Nikamwambia aache upuuzi. Nikamwambia kwa ukali kabisa, kisha nikatoka nyuma ya duka nikalia mpaka kanga ikalowa.

Binti yetu anafanya kazi mji mwingine. Nilimpigia simu nikitafuta wa kulia naye, yeye akanipa kazi. "Mama, fungueni blogu."

"Blogu ndiyo nini?"

"Ni daftari lenu ambalo kila mtu anaweza kulisoma kwenye simu yake. Baba aeleze, wewe uandike. Hata asiposikia, anajua."

Akanifungulia yeye, akanielekeza. Mimi kwa kujifanya najua, nikaandika la kwanza: "Karibuni kwa Fundi Sikio, huduma bora, ya haraka na ya uhakika." Wiki nzima likasomwa mara tano. Mara tatu ni binti, mara mbili ni mimi. Binti alicheka mpaka akapaliwa.

"Hilo ni tangazo, mama. Nani anaamka asubuhi akatafuta tangazo? Mtu anatafuta tatizo lake. Andika tatizo lake kwa maneno anayoyasema yeye, halafu umpe jibu lote, usimfiche kitu."

"Nikimpa lote, dukani ataleta nini?"

"Anayeweza kujitengenezea hajawahi kuwa mteja wenu. Atakayeshindwa atamfuata aliyemfundisha."

Basi kila Jumatatu tukaandika tatizo moja. "Kwa nini cherehani yangu inakata uzi?" "Sindano inavunjika kila mara, nifanye nini?" Yeye anasema, mimi naandika kwenye simu, napiga picha kidole chake chenye mafuta kikionyesha penye ubovu. Chini kabisa naweka duka lilipo, saa tunazofungua, na namba yangu ya simu. Anayeuliza swali namjibu siku hiyohiyo, hata la kipuuzi. Mmoja aliuliza kama cherehani inaweza kurogwa. "Mjibu inaweza," mume wangu akasema, "na mchawi wake ni vumbi." Jibu hilo lilizunguka mjini kuliko tangazo langu. Baada ya miezi minne watu walikuwa wanaingia na simu mkononi wakiuliza kama hapa ndipo kwa Fundi Sikio wa kwenye blogu.

Lakini cherehani nyingine zilimshinda. Cherehani inaletwa, anaifungua yote, anaikagua siku mbili, haoni kitu, kwa sababu ubovu wake ni wa kusikia. Nilimwona akizifunga tena bisibisi kwenye kile kitambaa.

Hapo ndipo mama mmoja wa mbali, hatujawahi kumwona mpaka leo, akaandika kwenye maoni: "Fundi, yangu inasema kwata-kwata-kwata halafu inavuta pumzi." Nilimpa simu asome. Alisoma, akaacha alichokuwa anafanya.

"Muulize hiyo kwata ni kavu au nzito."

Nikauliza. Kavu.

"Nyumba ya bobini imelegea, pale unapokaa uzi wa chini. Akaze skrubu ya chini, nusu mzunguko, asizidishe."

Saa moja haikupita, mama akaandika: "Imenyamaza! Mungu akubariki, fundi." Mume wangu alinirudishia simu, kisha akaiomba tena, kisha akaiomba tena. "Nimeisikia, mama watoto," akasema. "Niliposoma, niliisikia kabisa."

Jumatatu iliyofuata alinitamkia maneno haya, na mimi mkono ukawa mzito kuyaandika: "Mimi Fundi Sikio sisikii tena. Cherehani yako inasemaje? Niandikie." Nilidhani ndiyo tumejimaliza. Nani atampelekea kiziwi cherehani? Lakini walimwandikia. Krrr, kama inakwaruza sufuria. Tik, kimya, tik-tik. Inapiga chafya. Inasema ngwe-ngwe nikishona jinzi tu. Mwingine aliandika kuwa yake inamsengenya, akaulizwa kwa sauti gani, akasema chwi-chwi-chwi, na mume wangu akajua mkanda umekauka. Wanaokuja dukani nikawa nawaandikia mimi, nasimama karibu na cherehani na daftari, nahangaika na herufi. Nimeshaandika sauti kama mia nne. Mshonaji wa sare naye alirudi. Alisimama pale kwenye kabati akamwomba msamaha mgongoni, mwenzake hata hakugeuka, ikabidi auandike. Mume wangu aliusoma, akamuuliza ile yake ilikuwa inasemaje. "Grrr-pa," akaandika. Mume wangu alicheka sana. "Nilistahili kukimbiwa," akasema.

Kwa hiyo ukitusoma huko mtandaoni utadhani tumepona. Duka ndilo lililopona. Kile kifaa cha kusikia sasa kiko kwenye droo ya zipu, hakina kazi. Mwenye nacho amebaki na kimya kitupu, na mimi nimebaki na mdomo usio na pa kwenda. Vya lazima tunaandikiana. Lakini umbea haupendezi kwa maandishi, na mzaha ukiuandika unafika umeshapoa. Hata kugombana hakuwezekani tena; akiona nimekuja juu anafumba macho, basi, nimezimwa. Zamani ningecheka. Siku hizi nikimwona ameinamia simu anasoma sauti ya cherehani ya mtu asiyemjua, huku midomo inamchezacheza kwa furaha, naona wivu. Naionea wivu mashine. Nimefika huko.

Jumatatu iliyopita, mchana, tulimaliza sauti zote. Nikawa naizima simu akanizuia mkono.

"Bado moja," akasema.

"Ipi?" Hilo analisoma mdomoni.

"Yako."

Sikumwelewa. Akasema taratibu, kwa ile sauti yake ambayo siku hizi haina kipimo, mara inapanda, mara inashuka, "Sauti yako inanipotea, mama watoto. Mwanzoni ulikuwa ukifungua mdomo tu, inakuja yenyewe kichwani. Sasa naona mdomo. Niandikie, kama unavyoniandikia zile nyingine."

Nikajikaza, nikachukua simu. Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mwishowe nikaandika maneno ambayo nimempigia kelele juu ya kabati kila siku saa saba: "Baba watoto, acha hicho chuma, njoo ule."

Alisoma polepole. Akatikisa kichwa.

"Haya ni maneno. Nimekuomba sauti." Akavuta kiti chake karibu, kama anavyofanya kwa mteja asiyejua kujieleza. "Ni nyembamba au nzito?"

Sikujua.

"Mwishoni inapanda au inashuka? Ukikasirika inakwaruza?"

Sikujua. Nimeongea maisha yangu yote na sikuwahi kujisikiliza hata siku moja. Aliyekuwa akinisikiliza ni yeye. Katika dunia nzima mtu ambaye angeweza kunijibia maswali hayo alikuwa ndiye anayeniuliza.

Nikamwandikia: "Sijui, mume wangu." Alisoma, akaitikia "mh", na hiyo sikuitambua maana yake.

Akaingia mwanamke anataka zipu ya sketi, nyeusi, ya kuficha. Nikainuka. Nikamwambia nyeusi zimekwisha, zipo za bluu ya kiza, akasema basi atapita kesho, akatoka. Sauti yangu aliisikia yote, wala hakuijali, na mume wangu alikuwa amekaa pale anautazama mdomo wangu.