Cheti cha Ualimu na Mwalimu wa Kushona

Nilipomaliza darasa la nane ilikuja barua kwamba nimechaguliwa kwenda kusomea ualimu Unguja. Baba aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti lake, na habari ikaishia hapo. Hakugomba wala hakuniita kunieleza. Nilimsikia tu akimwambia mama jikoni, "Mtoto wa kike apande meli, akakae ugenini miaka miwili? Mie siwezi. Watu watanambia nini?" Mama aliendelea kukuna nazi.

Nililia siku mbili tatu, kisha nikanyamaza. Wasichana waliofika darasa la nane upande wetu wa kusini mwa kisiwa walikuwa wa kuhesabika, na mwaka ule ule skuli ya wasichana iliyokuwa mwendo wa nusu saa kutoka kwetu Mtambile ilikuwa na walimu wawili tu. Mwalimu mkuu, mwanamke wa Kiunguja, mnene, mcheshi, asiyemwogopa mtu, alikuja nyumbani mwenyewe na buibui lake, akaketi barazani kwa mama, akaomba niletwe nifundishe. Baba akakubali, kwa sababu adhuhuri ningekuwa nimesharudi nyumbani.

Basi nikaanza kufundisha nina miaka kumi na saba. Sikuwa na mafunzo wala cheti. Nilipewa chaki, kitabu cha hesabu na watoto thelathini waliokaa mkekani wakinitazama.

Kusoma na kuandika niliweza kufundisha, maana nilifanya kama nilivyofanyiwa mwenyewe. Kilichonishinda ni hesabu, na katika hesabu, kutoa kwa kukopa. Niliandika ubaoni hamsini na mbili, chini yake ishirini na saba. Nikasema, mbili utoe saba haitoki, kwa hiyo inakopa kumi kwa jirani. Mtoto mmoja wa mbele akanyoosha mkono. "Bi Mwalimu, atamlipa lini?" Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Nilikuwa nimekariri njia tu. Kwa nini mbili igeuke kumi na mbili, mwenyewe sikuwa nikijua.

Mwalimu wa pili pale skuli alikuwa wa kushona. Alikuwa mjane, mwenye umri wa mama yangu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Hakupata kukaa katika darasa la serikali hata siku moja. Alisoma chuoni Kurani akahitimu, na herufi za kizungu na hesabu alifundishwa na marehemu mumewe, aliyekuwa karani kwenye ghala la karafuu. Alikuwa akitufundishia wasichana kushona na kutarizi, na watoto walimpenda kwa namna ambayo mimi sikupendwa.

Siku ile ya kicheko alikuwa amekaa ukumbini, nje ya dirisha la darasa langu, akitunga uzi. Baada ya skuli akaniita. "Mwanangu, wale hawakatai kukopa. Wanakataa kitu wasichokiona." Akakunjua kipande cha kanga, ndani mna njiti za chelewa, zile za mifagio, amezikata sawasawa na kuzifunga kumikumi kwa ukindu. Akaweka vifungu vitano na njiti mbili. "Haya, nipe saba."

Nikazitazama zile njiti mbili. "Hazitoshi, Bi."

"Basi fungua kifungu."

Nikafungua kifungu kimoja, njiti kumi zikatawanyika juu ya jamvi zikachanganyika na zile mbili, na pale pale nikaona. Nilikuwa nimesoma miaka minane na sikupata kukiona kitu kile mpaka siku ile, kwa mwanamke asiye na darasa hata moja. Nilitaka kumbusu mkono.

Kwa miaka mitatu alinifundisha hivyo. Kila nilipokwama nilikwenda kwake naye alinipa njia: vipimo kwa pishi na kibaba, sehemu kwa kukata mkate wa kumimina, saa kwa kivuli cha nguzo ya ukumbini. Hakunifanya nijione mjinga. Watoto wangu wakaanza kupasi, na mwalimu mkuu akaniambia kwamba nina kipaji. Hapo ndipo kosa langu lilipoanza, maana sikumwambia kipaji kinatoka wapi. Nilicheka tu, nikainamisha kichwa, kama anayesifiwa haki yake.

Mwaka wa tatu ulipokwisha mwalimu mkuu akatuita sote wawili. Ameletewa waraka na idara ya elimu. Walimu wanaotoka vyuo vya ualimu hawatoshi, kwa hiyo aliyefundisha miaka mitatu bila cheti sasa anaweza kukipata papo hapo alipo. Mkaguzi atakuja kumtazama akifundisha, akiridhika atamruhusu kufanya mtihani wa kuandika Chake Chake, na akipasi atapewa cheti sawasawa na cha aliyekwenda Unguja.

"Huyu mdogo ana darasa la nane, hana wasiwasi," akasema. Kisha akamgeukia mjane. "Na wewe, Bi, usijitoe. Hapa wameandika kwamba hata asiye na darasa la nane, mkaguzi akimwona anafaa, anaweza kumwombea afanye mtihani."

Mwalimu wa kushona alikuwa na sindano mkononi. Akaichomeka kwenye kitambaa, akakiweka chini. "Hata mie?"

"Hata wewe. Ila lazima akuone kwa macho yake unafundisha. Si kushona. Hesabu."

Sijapata kumwona mtu akifurahi kwa utulivu kama vile. Alikiokota kile kitambaa akaendelea kushona, lakini nilimwona akirudia mshono ule ule mara mbili.

Tulipanga vizuri. Mimi ningefundisha kwanza, darasa la tatu, kutoa kwa kukopa. Yeye angenifuatia na darasa la pili, ukumbini penye upepo. Nilimwomba anipe vifungu vyake vya njiti, akanipa vyote, yeye akakata vipya.

Mkaguzi alikuwa Mzungu, mwanamke mrefu mwenye miwani, na Kiswahili chake kilikuwa safi kama cha kitabuni. Alifika kwa gari amechelewa, njia ilikuwa imeharibika kwa mvua. Alikaa nyuma ya darasa na daftari lake. Nilifundisha vile nilivyofundishwa. Watoto walifungua vifungu, wakahesabu, wakajibu wakigombania kujibu. Yule aliyekuwa ameniuliza deni litalipwa lini alikuwa keshapanda madarasa, lakini nilikuwa nikimfikiria yeye.

Mkaguzi alisimama, akachukua kifungu kimoja akakigeuzageuza. Watoto wakatoka kwenda kucheza, akabaki na mimi.

"Nimekagua skuli nyingi, hapa na Unguja," akasema. "Sijaona somo hili likifundishwa hivi. Umefundishwa na nani?"

Jibu lilikuwa nje ya dirisha, hatua sita kutoka niliposimama. Lilikuwa limevaa kanga mpya na limezungukwa na watoto wa darasa la pili walionyamaza kimya wakisubiri. Naweza kusema niliogopa. Naweza kusema nilidhani kwamba nikitaja mwingine, nitaonekana sikuweza mwenyewe na nitanyimwa mtihani. Yote hayo ni kweli, lakini kweli zaidi ni kwamba nilipenda namna alivyokuwa akinitazama. Hakuna mtu aliyepata kunitazama hivyo tangu barua ya Unguja ilipotiwa mfukoni.

"Nimefikiri mwenyewe," nikasema.

Akaandika. Kisha akatazama saa yake ya mkononi. "Mwalimu mkuu ameniambia kuna mwalimu wa kushona anayetaka nimtazame. Huyo anafundisha nini?"

Mwalimu mkuu alikuwa amekwenda kushughulikia chai. Tulikuwa wawili tu mle ndani. Nami nikaona kitu ambacho dakika moja kabla sikukiona: mkaguzi akikaa pale ukumbini kutazama somo, ataona vifungu vile vile, ukindu ule ule, mikononi mwa mwanamke mwenye umri wa mama yangu, na atajua.

"Anafundisha kushona," nikasema.

"Kushona tu?"

"Kushona tu."

"Basi huyo nitamwona safari nyingine. Njia ni mbaya, na ninasubiriwa skuli ya mbele." Akafunga daftari. Alipopita ukumbini alimwamkia mwalimu wa kushona kwa adabu, akawapungia watoto mkono bila kutazama walichoshika, akapanda gari. Chai ilipoletwa, gari lilikuwa limeshaingia mikarafuuni.

Mwalimu wa kushona akawaambia watoto wake wazirejeshe njiti ndani ya kanga. "Leo hatuna hesabu," akasema. "Leteni vitambaa."

Mwalimu mkuu alikuja mbio. "Kulikoni? Si aliniahidi atamtazama?"

"Amesema hana wakati," nikamjibu. Na hilo alikuwa amelisema kweli, ndiyo maana lilinitoka kwa urahisi.

Mtihani nilikwenda kuufanya Chake Chake. Baba alinisindikiza kwa gari kutoka Mtambile, akangoja ng'ambo ya barabara asubuhi nzima pamoja na wanywaji kahawa. Swali moja lilitutaka tueleze somo tulilowahi kulifundisha likafanikiwa. Nilijua masomo mengine ya kuandika. Niliandika lile la njiti, kurasa tatu, kwa mwandiko mzuri, na popote palipohitaji neno "mimi" niliandika "mimi". Nilipasi vizuri sana.

Cheti kilipokuja, baba alikitia fremu ya mbao akakitundika ukumbini, mkabala na mlango, kila mgeni akione. "Unaona?" aliniambia. "Umekipata na Unguja hukwenda." Alikuwa na furaha ya mtu aliyesamehewa. Sikuweza kumnyima furaha ile, wala sikuweza kukitazama kile cheti nikila.

Mwalimu wa kushona alikuja kunipa mkono wa hongera. Alileta bakuli la mkate wa mofa na samaki wa kukaanga. Akaniombea dua mbele ya mama. Hakuniuliza neno lolote, na mimi nikajiambia kwamba hajui.

Haukupita mwaka ikaja barua nyingine. Mwalimu mwenye cheti, msichana aliyetoka chuoni Unguja, anahamishiwa kwetu, na yeye atafundisha masomo yote pamoja na kushona. Asiye na cheti asiendelee. Mwalimu mkuu aliandika kuomba mwalimu wa kushona abakishwe, akaandika tena. Akajibiwa kwamba hakuna ripoti yoyote ya mkaguzi inayomhusu. Siku ya mwisho watoto walilia mpaka wengine wakatapika. Yeye aliwafuta machozi mmoja mmoja kwa upande wa kanga, akafunga sindano na uzi wake, akarudi kwa ndugu zake Wesha.

Ningeweza bado kuandika barua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata maneno ya siku ile, kwa sababu siku ile niliambiwa nijibu palepale, lakini barua nilikuwa na miezi mizima ya kuiandika. Nilijua jina la mkaguzi na mahali pa kumpelekea. Nilikaa mara kadhaa na karatasi mbele yangu. Nilikuwa nikifika "Kwa heshima" nikasimama. Kisha mwalimu mkuu naye akahamishwa, mkaguzi akarudi kwao, mambo ya nchi yakabadilika, na hapakuwa tena na mtu wa kumwandikia.

Nilikwenda Wesha mara moja, baada ya miaka. Nilikuwa nimeshaolewa na nina mtoto. Nilinunua doti ya kanga, nikauliza nyumba yake karibu na bandari, nikaonyeshwa. Alikuwa amekaa uani akifuma kofia, macho yameanza kumpungua, kazi ameisogeza karibu na pua.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu." Alinijua kwa sauti. Akafurahi, akanishika mikono, akamwita mke wa mwanawe apike. Akaniuliza hali ya mama, hali ya mume, mtoto ana miaka mingapi, na kama ameanza chuo cha Kurani. Chakula kikaja, wali na mchuzi wa pweza. Nikaona nikichelewa sitasema.

"Bi, siku ile alipokuja mkaguzi—"

"Kula, mwanangu. Mchuzi wa pweza haupendezi ukipoa."

"Nataka kukwambia jambo, Bi. Mie siku ile—"

Akaweka mkono juu ya wangu, kwa upole, ule mkono ulionionyesha kila nilichokijua. "Nilikuwa dirishani," akasema. "Mie n'nayajua. Sasa kula."

Nikala. Alizungumza habari za wajukuu, za ndugu yake mgonjwa, za bei ya ukindu. Hakuwa na hasira. Ningemshukuru kama angekuwa nayo. Kule kuomba radhi nilikokubeba njia nzima hakukupata mahali pa kutua, na nikafahamu kwamba hilo alilikusudia. Nilikuwa nimechukua kila alichokuwa nacho, na msamaha hakutaka kunipa.

Alinisindikiza mpaka njiani. Akaniuliza kama bado nafundisha hesabu. Nikamwambia ndiyo, Bi. Akasema, "Vyema." Kwetu mgeni haondoki bila kuambiwa karibu tena, hata asiyependwa. Nilisimama kidogo nikingojea. Akanitakia safari njema, akageuka na doti yangu ya kanga kwapani, akaingia ndani.

Nilifundisha mpaka nikastaafu. Wesha sikurudi tena, na aliposhikwa na maradhi yaliyomwondoa, nilisikia habari wiki tatu baada ya maziko, kwa mtu aliyekuwa akinieleza jambo jingine kabisa.