Siku Niliyobebwa Mgongoni Watamu

Mwaka niliomaliza masomo ya jioni nilikuwa na vitu viwili vya kujivunia: cheti changu, na msichana mpiga taipu wa Kabiria ambaye alikuwa hajanikubali wala hajanikataa. Cheti nilikuwa nimekionyesha Waithaka nzima, hata wachinjaji wa Dagoretti wakazijua alama zangu kwa moyo. Msichana nilimwonyesha maneno. Nilimwambia nimekulia ukingoni mwa mto Nzoia, na kwamba nikiingia majini mamba walikuwa wanatoka kunipisha. Ukweli ni kwamba Nzoia nilinawa miguu tu, tena mama akiwa amenishika mkono.

Basi rafiki yangu wa ofisini, kijana wa Machakos mwenye Datsun, akasema Jumatatu ni sikukuu, twende Watamu, na yule msichana nimwalike. Dada yake mkubwa angekuja pia, mwanakwaya mwenye sauti ya kusimamisha treni, na ndiyo sababu shangazi yake yule msichana alikubali kumwachilia. Mimi niliapa moyoni kwamba sitarudi Nairobi bila jibu.

Ile ghuba, jamani! Maji yalikuwa ya buluu hivi kwamba nilidhani kuna karani aliyemwaga wino. Nilikuwa bado nayashangaa, suruali ya suti nimeikunja hadi magotini, rafiki yangu alipotoka nyuma ya gari na kaptula nyekundu, akakimbia, akazama. Tukangoja. Nilikuwa nimeanza kutunga salamu za rambirambi alipoibukia mbali kabisa, anacheka.

Mtu wa Machakos! Kwao mto ni mchanga mtupu, maji unayachimba. Kumbe alifundishwa katika bwawa la shule ya misheni, na miaka yote tuliyokunywa chai pamoja hakuwahi kuniambia. Msichana akapiga makofi. Sijawahi kusikia makofi yanayouma vile.

"Njoo nikufundishe kuelea," rafiki yangu akamwambia.

Naye akaenda! Akalala juu ya maji kama yuko kitandani kwao, na chini ya mgongo wake kulikuwa na kiganja cha rafiki yangu. Kiganja kimoja tu, lakini machoni pangu kilikuwa kipana kama sinia la pilau.

"Na wewe bingwa wa Nzoia," msichana akaniita, "mbona umesimama kama mlingoti?"

"Maji haya yana chumvi," nikajibu. "Mimi ni mtu wa maji matamu."

"Mwacheni," akasema yule dada, mdomo umejaa ndizi. "Mamba wa huku hawajapata habari zake. Anaogopa wasije wakakosa kumpisha."

Wakacheka wote watatu. Nikacheka nao, tena kwa sauti kuliko wao, ndani nikiwaka kama jiko la makaa.

Baada ya chakula bahari iliondoka. Sisi watu wa bara hatukuwa tumeambiwa kwamba bahari huenda matembezi. Mchanga ulibaki wazi hadi kwenye vile visiwa vya mawe vilivyo mbele ya pwani, na mimi nikaona njia yangu. Kuogelea rafiki yangu amenishinda, lakini kutembea? Nilikuwa nikitoka Waithaka hadi mjini kwa miguu, na bado nafika darasani kabla ya mwalimu. Ningemletea msichana kombe la baharini, kubwa la kutosha kuogeshea mtoto. Nikaondoka bila kuaga, nikitumaini ataniulizia.

Hakuniulizia. Niliketi kwenye jiwe la kisiwa kimojawapo nimewapa mgongo, nikisikiliza kicheko chake kikipeperuka na upepo, na kwa kila kicheko nikamhesabia rafiki yangu dhambi. Nilinuna sana hata sikutazama chini. Nilipogeuka, njia yangu ilikuwa bahari.

Nilipiga yowe ambalo nadhani lilisikika Dagoretti. Aliyekuja ni nani? Kaptula nyekundu. Nusu anatembea, nusu anaogelea.

"Panda mgongoni."

"Sipandi."

"Bwana, panda, ama ungoje hapa hadi kesho."

Nikapanda. Alinibeba kama gunia la viazi, maji yakimfika kifuani, mikono yangu shingoni mwake. Nywele zake zilinukia mafuta ya nazi, na hata harufu ile niliionea wivu. Anaokoa maisha yangu, nami nawaza: atakuwa amezipaka kwa ajili ya nani?

Msichana alikuwa ameingia majini hadi magotini kutupokea. Hakuwa anacheka.

"Ulienda kufanya nini kule?"

Nilikuwa na majibu matatu tayari, yote mazuri, moja lina hazina ya Wareno ndani yake. Lakini meno yalikuwa yanagongana, nikashindwa kuyapanga.

"Wivu," nikasema. "Nilishindwa kukitazama kile kiganja. Na kuogelea sijui. Sijawahi kujua."

Akanitupia leso yake nijifute.

"Tangu nikujue, hilo ndilo neno la kwanza nililoliamini. Haya, Jumamosi njoo umwone shangazi. Lakini usimwambie mambo ya mamba."

Ungedhani wivu ulikoma hapo. Tulipopumzika Mtito Andei njiani kurudi, rafiki yangu alimnunulia msichana soda kabla sijafungua mlango wa gari. Nikaenda mbio nikarudi na mbili zaidi, nikaziweka mbele yake. Hakuwa na kiu. Nilizinywa mwenyewe, zote mbili, nikiwa nimesimama katikati yao.