Sahani ya Saba

Uswidi nilijifunzia Marekani. Watu wakinisikia nasema hivyo hucheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kabla sijaolewa na kuhamia Stockholm, nilisoma mwaka mzima katika chuo kidogo kwenye nyanda za Nebraska, katika mji wenye barabara moja ya maana, ghala la nafaka refu kuliko kanisa, na upepo usiojua kupumzika. Mimi mtoto wa Tanga nimezoea kuona mwisho wa shamba. Kule macho yanakwenda mpaka yanachoka yenyewe.

Mama aliyenipokea nyumbani kwake alikuwa mjane, na habari za mji ule alikuwa nazo zote kichwani. Babu zake walitoka Uswidi na njaa yao, treni ikawashusha mahali pasipo hata mti mmoja wa kujengea, wakakata udongo pamoja na majani yake wakausimamisha ukawa nyumba. "Na kabla yetu palikuwa na wenyewe," alikuwa akiniambia, "wakafukuzwa. Ukisimulia mji wetu, hilo nalo ulitaje." Basi nalitaja.

Somo lenyewe lakini lilikuwa jikoni. Kwao mgeni wa kahawa huwekewa aina saba za biskuti, kila aina na sahani yake. Pungufu ya saba wewe ni bahili, zaidi ya saba unajidai. Na mgeni aonje zote, asiruke hata moja. Kila Jumamosi nilikanda, nikasukuma, nikakata, mpaka biskuti nikazijua kuliko nilivyoyajua masomo yaliyonipeleka. Yeye akawa ananiita mwanangu, mimi namwita Mama, na miaka yote iliyofuata simu haikukatika kati yetu.

Nilipofika huku Stockholm nikawapelekea wenzangu kazini aina zote saba, nikijua nitawafurahisha kwa mila yao. Walinitazama kama nimefufuka. Hayo ni mambo ya bibi zao, walisema, wao siku hizi wananunua dukani. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Sasa fikiria nilivyoruka Mama aliponipigia kusema anakuja. Anakuja Uswidi, kwa mara ya kwanza katika uzee wake wote. Shule ya mji wao imefungwa, duka limefungwa, wanaooka wamebaki vikongwe watupu, na yeye kabla hajafa anataka kitu kimoja tu: mtu wa Uswidi amtazame usoni amwambie, wewe ni wetu. Kanisa lao lilikuwa limemtafutia ndugu, mzee mmoja wa Upplands Väsby, mji ulio nje kidogo ya Stockholm. Babu yake mzee huyo na babu yake Mama walikuwa mtu na mdogo wake. Mmoja aliondoka, mwingine akabaki, na habari zikaishia hapo.

Huyo mzee nilimpigia mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Jumamosi. Saa nane mpaka saa tisa." Jamani. Huku tumeshazoea mialiko yenye mwisho, lakini ndugu wa damu anavuka bahari naye anapangiwa saa ya kuondoka? Kwetu husemwa mgeni njoo mwenyeji apone, huyu anataka apone kwa saa moja. Mama nilimwambia saa nane tu.

Jumamosi asubuhi jiko langu la Hagsätra, mtaa wetu wa Stockholm, halikutosha. Mama amekaa kwenye kiti anatoa amri, maana mkono mtupu haulambwi na kwa ndugu yake ataingia na saba zake. Yeye anaamrisha kwa Kiingereza, binti yangu anajibu kwa Kiswidi, mimi nawagombeza wote wawili kwa Kiswahili. Raha iliyoje! Kwa kucheka kwetu tukaisahau trei ya mwisho ndani ya oveni, na tulipokumbuka ilikuwa mkaa.

Siagi ilikuwa imekwisha na treni haingojei mtu. Mama uso ukamshuka. "Sita," alisema. "Nimetoka kwetu kote kule nije kwa ndugu yangu na sita."

Nikaangalia kilichobaki: unga, sukari, iliki, mafuta. Nikateleka karai. Nilikaanga visheti kama mama yangu mzazi anavyokaanga kwa Idi, nikavizungusha kwenye shira mpaka vikakauka vyeupe. Mama akaonja kimoja, akatafuna polepole, akaniuliza kama hicho nacho ni biskuti. Nikamwambia leo ni biskuti.

Nyumbani kwa mzee tulikuta meza imetandikwa vikombe na pakiti ya biskuti za dukani, bado ndani ya plastiki yake. Alitupa mkono, akatuonyesha viti. Kiingereza hakukijua, kwa hiyo mimi nilikaa katikati natafsiri baridi, safari, binti yangu aliyebaki nyumbani, na baridi tena. Nikapanga sahani saba. Akaonja ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa adabu tu, jicho moja kwenye saa ya ukutani. Mama alikuwa anaishika mikono yake mwenyewe chini ya meza.

Alipofika kwenye visheti akaacha kutafuna.

"Mama yangu alikuwa anakaanga hizi Krismasi," alisema. "Tangu afe sijazila." Ndipo alipomtazama Mama vizuri kwa mara ya kwanza. "Mwambie hizi ni watu wa kwetu tu wanaozijua. Mwambie sasa naamini ni ndugu yangu."

Nikatafsiri neno kwa neno, na kwa macho nikamsihi Mama anyamaze, apokee tu. Si ndicho alichokijia? Mama akaweka kikombe chini.

"Mwambie zangu ni zile sita," alisema. "Hizo kakaanga huyu mwanangu. Ni za mama yake, za Tanga, za sikukuu yao."

Nikayasema hayo kwa Kiswidi. Mzee alinitazama mimi, akaitazama sahani, akamtazama Mama. Saa tisa ilikuwa imepita na wala hakuigeukia saa. Akachukua kisheti kingine, akakila chote. Kisha akainuka, akaleta birika, akatujazia vikombe vyote mpaka juu.

"Muulize huyo mama yako," aliniambia, "Krismasi mtakuja wawili au na mtoto? Nataka nijue viti."

Nikamgeukia Mama nikamtafsiria. Kisha nikamwonyesha viti kwa kidole, kimoja chake, kimoja changu.